Pima kabla ya kulipa: namna ya kukagua madai ya vifaa vya umeme, visima na dawa hapa Dodoma

Dodoma inajengwa kwa kasi, na kila penye ujenzi pana wauzaji. Mmoja anauza kifaa cha kuchomeka ukutani kinachodaiwa kupunguza LUKU kwa nusu. Mwingine anakuja kiwanjani Nzuguni au Msalato na vijiti viwili vya waya, anakuonyesha penye maji. Wa tatu ana mashine ya kupima mwili mzima kwa dakika moja, na dawa za kutibu kila ilichokiona. Wote wana ushuhuda wa wateja, na wote wanataka hela leo.

Si lazima uwe mhandisi au daktari ili kuwakagua. Madai mengi ya namna hii yanapimika kwa saa ya simu, ndoo, sarafu na daftari. Kinachotakiwa ni mpangilio, na mpangilio huo ukae kwenye karatasi kabla pesa haijatoka mfukoni.

Hatua ya 1: Geuza dai liwe namba

"Kinaokoa umeme" hakipimiki. "Feni mbili zinazokula wati 120 zitakula wati 72 kifaa kikichomekwa" kinapimika. Mwombe muuzaji aandike mambo manne: kitu gani kitabadilika, kwa kiasi gani, baada ya muda gani, na matokeo yapi yatatufanya sote tukubali kwamba kimeshindwa. Hilo la nne ndilo zito kuliko yote. Muuzaji anayejibu "inategemea na mtu" au "mpaka uwe na imani" hajatoa dai lolote bado, na hakuna sababu ya kumlipa.

Liandikwe kabla ya jaribio, maana matokeo yakishatoka kila mtu hupata sababu: leo umeme ulikuwa mdogo, leo kulikuwa na mawingu, leo umesimama vibaya.

Hatua ya 2: Kifaa cha kupunguza LUKU

Tuanze na hiki kwa sababu jaribio lake ni rahisi na jibu lake halina utata.

Tazama mita yako. Kwenye uso wake kuna kitaa kidogo, mara nyingi chekundu, kinachowaka na kuzima kadiri umeme unavyotumika. Pembeni yake pameandikwa namba ikifuatiwa na imp/kWh, mfano 1000 imp/kWh. Maana yake kitaa kikiwaka mara 1000, uniti moja imekwisha. Mita nyingine ni 1600 au 3200, kwa hiyo soma ya kwako.

Zima kila kitu ndani ya nyumba, kisha washa feni mbili kwa spidi ya juu. Feni ni mota, na wauzaji wenyewe husema kifaa chao kinafanya kazi vizuri kwenye mota, kwa hiyo unakipa nafasi bora ya kushinda. Usitumie friji wala pasi, kwa kuwa hivyo hujizima na kujiwasha vyenyewe na vitakuharibia hesabu. Ziache feni dakika kumi zitulie, ndipo uhesabu muda kutoka kitaa kinapowaka hadi kiwake tena mara kumi zaidi. Hesabu ya wati ni hii: 3,600,000 zidisha kwa 10, gawanya kwa namba ya imp, gawanya tena kwa sekunde. Mita ya 1000 ikitumia sekunde 300, feni zako zinakula wati 120. Kifaa kikipunguza asilimia 40 kweli, muda huo huo utapanda hadi sekunde 500. Tofauti hiyo huwezi kuikosa hata ukihesabu ovyo.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanapima bila kifaa saa kumi jioni, kisha wanapima na kifaa saa mbili usiku. Usiku volti hushuka mtaani, feni zinazunguka polepole, zinakula kidogo, na kifaa kinapewa sifa isiyo yake. Pima kwa mfuatano huu: bila, na, na, bila. Rudia mzunguko huo mara tatu mfululizo, uandike sekunde zote. Mabadiliko ya volti yatagawanyika pande zote mbili.

Halafu jifiche jibu. Chomeka kifaa kwenye ekstensheni, funika kwa kitambaa, na mtu mwingine aamue kwa kurusha sarafu kama kitakuwa kimewashwa au la. Wewe unayehesabu usijue. Mhesabuji anayetamani jibu fulani huanza saa mapema kidogo au huruka mwako mmoja bila kukusudia.

Kama mita yako iko juu ya nguzo na ndani una kibodi ya kuingizia tokeni tu, kitaa hutakiona vizuri. Tumia kipimo cha wati cha kuchomeka kwenye soketi, kinachopatikana maduka ya vifaa vya umeme. Soma wati, usisome ampea.

Na hapa kuna mbinu ya kuijua. Muuzaji hupenda kukuonyesha kwa mita ya kubana waya: ampea zinashuka mbele ya macho yako anapochomeka kifaa chake. Zinashuka kweli. Ukikifungua kifaa utakuta kapasita moja ndogo (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme kwa muda), taa ndogo za rangi na sakiti ya kuziwasha. Mota huvuta mkondo wa ziada unaokwenda na kurudi kwenye waya bila kufanya kazi yoyote, na kapasita huupunguza mkondo huo. Lakini mita ya nyumbani haihesabu mkondo huo. Inahesabu kilowati-saa, yaani kazi halisi, na kazi ya feni iko palepale. Viwanda vikubwa vinatozwa pia kwa kVA, kipimo kinachojumuisha na mkondo huo wa ziada, na huko kapasita kubwa zilizopimwa na wahandisi hushusha bili. Teknolojia yenyewe ni ya kweli, ila imeletwa mahali isipohusika, na hiyo ni mojawapo ya namna madai mengi mabovu yanavyotengenezwa.

Ushuhuda wa jirani usikupeleke mbio. Akinunua kifaa mwezi wa tano, mwezi wa sita na wa saba baridi ya Dodoma inaingia na feni hazigusi. Uniti zitapungua hata angechomeka chaja mbovu. Pia linganisha uniti, usilinganishe shilingi: risiti ina kodi na makato mengine, na anayebaki kwenye daraja la matumizi madogo, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa bei tofauti kabisa kwa uniti.

Usiguse ncha za plagi ya kifaa hicho punde tu baada ya kukichomoa. Kapasita huweza kubaki na chaji na ikakupiga. Vile vya bei rahisi visivyo na fyuzi huweza kuvimba na kuwaka moto, kwa hiyo usikiache kimechomekwa usiku ukiwa umelala.

Hatua ya 3: Maji chini ya kiwanja

Hili ni kubwa zaidi, maana kisima kirefu kikiwa kikavu kinaondoka na mamilioni. Sehemu kubwa ya Dodoma imekaa juu ya miamba migumu ya aina ya granaiti. Mwamba usiooza wala kupasuka hauna maji. Maji yako kwenye tabaka la juu lililooza na kwenye nyufa. Visima viwili vilivyopishana mita hamsini vinaweza kutofautiana kabisa. Ndiyo maana mtu anayesema anajua ulipo "mshipa" anasikilizwa.

Mzee anayetembea na fimbo ya panda au waya mbili zilizokunjwa mara nyingi hadanganyi kwa makusudi. Misuli ya mkono hufanya mijongeo midogo ambayo mwenye mkono hahisi kuifanya, na waya iliyosimama kwa kuyumba hukuza mjongeo huo mpaka ikageuka. Mwingereza William Carpenter aliieleza hali hii mwaka 1852. Zaidi ya hapo, mzee anajua kusoma ardhi: bonde dogo, mkuyu uliobaki kijani mwezi wa kumi, mchwa walivyojenga. Ujuzi huo una thamani. Swali ni kama fimbo inaongeza chochote juu yake, na hilo linapimwa hivi.

Tafuta boksi kubwa la katoni, dumu la lita 20 lililojaa maji na dumu jingine tupu lenye mfuniko. Kwanza fanya jaribio la wazi: weka dumu la maji chini ya boksi huku mzee akiona, naye athibitishe kwamba fimbo inainama. Weka dumu tupu, athibitishe kwamba haiinami. Usiruke hatua hii. Ndiyo inayofunga mlango wa visingizio baadaye, kwa kuwa mwenyewe amekubali hapo hapo kwamba mazingira yanafaa na fimbo inafanya kazi.

Kisha mzee aondoke pamoja na mmoja wa wasimamizi wawili. Anayebaki anarusha sarafu: kichwa ni dumu la maji, upande wa pili ni dumu tupu. Anafunika, anaandika, anaondoka kwa njia nyingine bila kukutana nao. Mzee anarudi, anapita juu ya boksi, anasema. Rudia mara kumi, na majibu yasomwe mwishoni tu. Kwa kubahatisha mtu hupata 5 kwa wastani, na takriban mtu mmoja kati ya sita atafika 7 au zaidi, kwa hiyo 7 isikushangaze. Kubalianeni tangu mwanzo kwamba kufaulu ni 9 au 10. Kwa bahati tupu hilo hutokea kama mara moja katika majaribio mia.

Mwaka 1990 mjini Kassel, Ujerumani, watafuta maji wapatao 30 walijaribiwa kwa bomba la plastiki lililozikwa sentimita 50, maji yakifunguliwa na kufungwa. Walikubali kabla kwamba jaribio ni la haki. Matokeo yao yalikuwa sawa na ya kubahatisha.

Akikuambia maji ya dumu si sawa na maji ya ardhini, ni hoja ya kusikilizwa, basi jaribu kiwanja chenyewe. Aweke kigingi mahali pa mshipa. Pima umbali wake hadi kona mbili za kiwanja, ng'oa kigingi, fukia alama. Mfunge kitambaa machoni, mzungushe, umwongoze kwa mkono aanze upande mwingine, aweke tena. Mara tano. Kama mshipa upo na anauhisi, vigingi vyote vitakuwa ndani ya mita moja au mbili. Vikitawanyika kiwanja kizima, jibu umelipata bila kuchimba.

Jaribio la kurudia ndilo pia la kutumia kwa vifaa vyenye skrini na antena. Usitishwe na skrini. Mwingereza James McCormick aliuza Iraki na kwingineko antena iliyozunguka kwenye mpini, akidai inatambua mabomu. Ndani hamkuwa na kitu chochote cha kufanya kazi, na mwaka 2013 alihukumiwa kifungo cha miaka 10. Mpimaji akija na kifaa kinachochora picha ya rangi ya chini ya ardhi, mwombe apite mstari uleule mara mbili, mara ya pili akianzia mwisho. Picha mbili zinapaswa kufanana zikigeuzwa. Kama kuna kisima kikavu kinachojulikana jirani, apite hapo pia bila kuambiwa.

Upimaji unaokubalika na wataalamu wa maji ya ardhini ni wa ukinzani wa umeme, yaani jinsi ardhi inavyozuia umeme kupita. Vyuma vinne huchomekwa ardhini kwa mstari, viwili vya nje vinapitisha mkondo, viwili vya ndani vinasoma volti. Vya nje vinasogezwa mbali zaidi hatua kwa hatua ili kuona kina zaidi. Ripoti yake iwe na viwianishi vya mahali (namba za GPS), jedwali la vipimo, mchoro wa mkunjo, tabaka zenye ukinzani kwa ohm-mita na kina kinachopendekezwa. Granaiti nzima husoma maelfu ya ohm-mita, na mwamba uliooza wenye maji husoma makumi hadi mia chache. Ukisoma namba ndogo sana, chini ya kumi hivi, shuku maji ya chumvi au udongo wa mfinyanzi. Ripoti ya ukurasa mmoja inayosema "chimba hapa mita 120, maji yapo" si ripoti. Hata upimaji mzuri haukuhakikishii maji. Unapunguza tu uwezekano wa kukosa, na mtaalamu mwaminifu atakuambia hivyo mwenyewe.

Kabla ya kuchimba, fika Bodi ya Maji ya Bonde lako. Kibali kinahitajika, na pale unaweza kuuliza kumbukumbu za visima vya jirani: kina, wingi wa maji, ubora. Kumbukumbu za visima vitano vya jirani zina uzito kuliko fimbo yoyote.

Kwenye mkataba na mchimbaji, eleza maana ya "maji yamepatikana". Maji yanayoruka juu compressor inapopuliza hayahesabiki, kwa kuwa yanaweza kuwa yale tu yaliyokuwa yamejikusanya kwenye shimo. Dai pampu ifungwe na kusukuma kwa kasi moja kwa saa 24. Pima kina cha maji kabla ya kuanza, kisha kila nusu saa mwanzoni na kila saa baadaye. Kikiendelea kushuka bila kutulia, kisima hakiwezi kasi hiyo. Wingi upime mwenyewe: ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 36 ni lita 2,000 kwa saa, ikijaa kwa sekunde 72 ni lita 1,000. Ukizima pampu, andika pia maji yanavyopanda kurudi.

Angalia na majira. Vipimo vya Makutupora, kunakotoka maji mengi ya mji huu, vimekusanywa kwa zaidi ya miaka 50 na vinaonyesha kwamba hifadhi ile hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa kuliko na mvua za kila mwaka. Kisima kilichopimwa mwezi wa nne baada ya masika mazito kitakuonyesha sura nzuri kupita uwezo wake. Peleka sampuli maabara kupima chumvi na floraidi pia. Kanda ya kati ina maeneo yenye floraidi nyingi, na kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi.

Hatua ya 4: Mashine ya "mwili mzima"

Unashika kijiti cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, na baada ya dakika moja inatoka ripoti ya kurasa nyingi: ini, figo, kongosho, mifupa, hata kiasi cha vitamini. Ini hupimwa kwa vimeng'enya kwenye damu au kwa ultrasaundi, na sukari hupimwa kwa damu. Mkono kwenye kijiti hautoi taarifa hizo.

Jaribu kwa kuomba upimwe mara mbili, ya pili ukiwa umeandikisha umri, uzito na jinsia tofauti. Au mpe rafiki ajiandikishe kwa taarifa zako. Kama ripoti inafuata yaliyoandikwa badala ya aliyeshika kijiti, unajua inakotoka. Wenye ujasiri wafunge kijiti kwa kitambaa kibichi kilicholoweshwa. Mashine ikitoa ripoti ya kongosho la kitambaa, ondoka.

Shida si ile elfu kumi au ishirini ya kupimwa. Mtu mwenye sukari ya kweli anaambiwa kongosho lake ni zima na kurudi nyumbani, na mtu mzima wa afya ananunua dawa za miezi mitatu.

Hatua ya 5: Dawa inayotibu kila kitu

Hapa jaribio la nyumbani lina mpaka, na mpaka huo usivukwe: usiache dozi ya hospitali ili "kuona kama hii inafanya kazi". Anayetegemea insulini akiiacha anaweza kufariki ndani ya siku chache. Anayeacha ARV virusi vyake huongezeka tena, hata kama kwa wiki kadhaa anajisikia vizuri.

Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa Sh 500. Wapo waliofia njiani wakisubiri, na wapo walioacha dawa zao wakiamini wamepona. Hapakukosekana ushuhuda. Kilichokosekana ni vipimo vya kabla na baada, kwa watu wale wale, maabara ile ile.

Basi fanya hivyo kwa dai lolote la dawa. Kwa kisukari, dai kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi mitatu, kabla na baada. Sukari ya asubuhi moja inapanda na kushuka kwa chakula cha jana. Kwa presha, pima siku saba mfululizo, asubuhi na jioni, umekaa dakika tano, mkono ukiwa usawa wa moyo. Watu hutafuta dawa siku wanapokuwa wabaya zaidi, na maradhi mengi hupungua yenyewe baada ya kilele, kwa hiyo nafuu ya wiki ya pili si ushahidi. Mwambie daktari wako kila unachokunywa, hata majani, maana mengine hugombana na dozi na mengine huumiza ini.

Uliza karatasi, na uzisome zinasema nini. TIN na leseni ya biashara zinaonyesha kwamba mtu analipa kodi. Usajili wa BRELA ni wa jina au kampuni. Alama ya TBS, Shirika la Viwango, kwenye kirutubisho inahusu bidhaa kama chakula, haisemi kwamba kinatibu figo. Dawa na vifaa tiba huangukia TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na tiba asili ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Chukua namba ya usajili, ipeleke ofisini kwao uulize imesajiliwa kwa matumizi gani. Picha ya cheti kwenye simu ya muuzaji haitoshi.

Hatua ya 6: Jenereta isiyotumia mafuta, na nyinginezo

Dai lake ni hili: mota inazungusha dainamo, dainamo inawasha mota, na kinachobaki kinawasha nyumba. Onyesho la dakika kumi halithibitishi kitu: betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 ina uniti 1.2, inaweza kubeba mzigo wa wati 1,000 kwa karibu saa nzima ikiwa imefichwa kwenye fremu. Dai ifanye kazi saa 48 mfululizo ikiwa na mzigo huo, iwe imenyanyuliwa juu ya meza ya vyuma isiyo na droo, na ufunguo wa chumba ukae kwako.

Kwa sumaku na vidonge vya kuokoa mafuta, jaza tanki hadi pistola ikate, kituo kile kile na pampu ile ile, nenda Morogoro na kurudi, jaza tena, gawanya kilomita kwa lita. Safari tatu bila, tatu na, mzigo na mwendo ule ule. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, imekwisha kupima vifaa zaidi ya 100 vya aina hii, na vichache mno vilionyesha faida yoyote.

Hatua ya 7: Malipo

Muuzaji anayeamini kifaa chake atakubali ulipe sehemu, salio litoke namba iliyoandikwa Hatua ya 1 ikifikiwa. Andika tarehe, saini za wote wawili na shahidi mmoja. Dai risiti ya EFD yenye jina halisi la bidhaa, kwa kuwa "vifaa mbalimbali" haikusaidii ukidai haki. Tunza boksi, lebo na namba ya toleo hata baada ya kutupa kifaa chenyewe, kwa kuwa TBS, TMDA au Tume ya Ushindani watakachokuuliza kwanza ukienda kulalamika ni hicho. Kama ni dawa na imekudhuru, nenda nayo kituo cha afya pamoja na chupa yake, waandike taarifa ya madhara siku hiyo hiyo.